Washiriki 8 wote walifaulu kwenye majaribio, sasa wanachama wanakwama kuomba mkopo. Raundi ya pili tuipangeje?

#1 Mpembuzi
Habari za jioni wakuu. Naomba mchango wa wanaozifanya kazi hizi.

Kuna SACCOS ya mkoani ina huduma mbili zinazofanya mambo yaleyale: programu ya simu janja, na menyu ya kubonyeza nyota kwa wenye vitochi. Kabla ya kuzindua, timu ilifanya majaribio na watumiaji 8. Yalifanyika makao makuu kwa simu za ofisi, dakika 45 kila mtu, kazi sita: kuingia, kuangalia akiba, kuweka akiba, kuomba mkopo, kumthibitisha mdhamini, kubadili namba ya siri. Ripoti inasema wote 8 walimaliza kazi zote sita na wastani wa dodoso la SUS, lile la kumuuliza mtumiaji aliuonaje urahisi wa mfumo, alama 0 hadi 100, ni 86. Baada ya kuzindua, maombi ya mkopo kwa simu yanaanzishwa kwa wingi na yanayofika mwisho ni machache. Foleni ya dirishani iko palepale.

Nimekabidhiwa kupanga raundi ya pili. Mpango wa kwanza ulikosa nini, na huu wa pili ukaeje usije ukaleta jibu zuri lisilo na msaada? Natanguliza shukrani.

#2 Kokotoa
Tuanze na hesabu. Nane kati ya nane siyo 100%. Ukitaka uhakika wa 95%, watu 8 kufaulu bila hata mmoja kushindwa bado kunaruhusu hadi 31% ya wanachama wote washindwe. Chukua 0.05, ipandishe kwa kipeo cha 1/8, toa kwenye 1. Karibu mtu mmoja kati ya watatu anaweza kuwa anakwama na ripoti yako ikatoka safi vilevile.

La pili ni nafasi ya kuliona tatizo lenyewe. Tatizo linalomkuta mtu mmoja kati ya kumi, ukiwa na washiriki 5 una nafasi ya 41% ya kuliona hata mara moja. Washiriki 8, 57%. Kufika 85% unahitaji 18. Na simu janja na menyu ya nyota ni bidhaa mbili, kwa hiyo ni 18 kila upande, usiwachanganye.

#3 Chapuo
Kokotoa akishika kikokotoo bajeti yote inakwisha. Watu 36 wa nini? Nielsen, yule mtaalamu wa majaribio ya watumiaji, alishasema watu 5 wanafichua 85% ya matatizo. Fanya raundi tatu za watu watano watano, unarekebisha katikati, biashara imekwisha.

#4 Kokotoa
Chapuo, hiyo 85% ina masharti. Inatokana na wastani wa 31% ya matatizo kwa kila mshiriki, ambao Nielsen na Landauer waliuchapisha 1993 baada ya kukusanya miradi kadhaa. Bidhaa yako ikiwa na wastani wa chini ya hapo, hesabu inabomoka. Spool na Schroeder mwaka 2001 walijaribu tovuti za kuuza bidhaa, watano wa kwanza wakafichua 35% tu. Faulkner mwaka 2003 alichukua data ya watu 60 akawa anachota watano watano kwa bahati nasibu. Kuna watano waliopata 99% na kuna watano walioambulia 55%. Kwa watu 10, kundi baya kuliko yote lilipata 80%.

Raundi tatu zenye marekebisho katikati sizipingi, tena ndiyo njia nzuri pale lengo likiwa kusaka kasoro. Ila ukitaka kumwambia bosi "wangapi watakwama", watano hawakupi jibu. Mpembuzi hajasema anataka lipi kati ya hayo mawili, na mpango wote unaning'inia hapo.

#5 Mama Shamba Darasa
Hesabu ya Kokotoa ni sahihi, ila mleta mada hata angeleta watu 80 wa namna ileile angepata jibu lilelile. Swali ni wale wanane walitoka wapi. Kawaida meneja wa tawi anaambiwa "tuletee wanachama", analeta makatibu wa vikundi na wanaoshinda pale ofisini. Hao fomu ya mkopo wanaijua kwa kichwa.

Chuja kwa simu kabla ya kumwalika mtu, maswali hayazidi sita. Usiulize "unajua kutumia simu?", kila mtu atajibu ndiyo. Uliza alichofanya:
– Mara ya mwisho kutuma pesa, ulibonyeza mwenyewe au kuna aliyekubonyezea?
– Simu unayotumia ni yako peke yako au ni ya nyumbani?
– Umewahi kukopa kwenye chama? Nani alikujazia fomu?
– Umewahi kufanya kazi au kuwa kiongozi kwenye chama? (Akisema ndiyo, mshukuru, pita.)

Halafu gawa nafasi kabla ya kuanza kupiga simu: angalau theluthi wawe wanaobonyezewa na mtu mwingine, nusu wawe hawajawahi kukopa, nusu wanawake, na wenye umri wa zaidi ya miaka 50 wasipungue wanne kila kundi. Kwa kila watano, weka mmoja wa akiba, maana mvua ikinyesha siku ya kupalilia hawaji.

Nauli na fidia ya muda wape mwanzoni, mara tu baada ya ridhaa, na mwambie kabisa ni zake hata akiamua kuondoka dakika ya kumi. Ukiziweka mwisho, anakaa akiwaza pesa yake na anakusifia programu.

#6 Pwani Huru
Kabla hatujawahukumu washiriki, Mpembuzi tuwekee maneno ya kazi ya nne kama yalivyosomwa.

#7 Mpembuzi
Haya hapa, kutoka kwenye mwongozo wao: "Fungua Mikopo, chagua Mkopo wa Dharura, weka kiasi cha 300,000, chagua miezi 6, kisha bonyeza Wasilisha."

Kuhusu lengo, Kokotoa: naambiwa wanataka vyote viwili.

#8 Pwani Huru
Basi wala usihangaike na watu wala hesabu. Hayo ni maelekezo, siyo kazi. Neno Mikopo limo, Dharura imo, Wasilisha limo. Mshiriki alikuwa analinganisha maneno ya kwenye karatasi na maneno ya kwenye skrini, anayejua kusoma atafaulu. Hujapima kama angeujua mlango wa kuingilia.

Andika hali, siyo njia: "Mtoto amechaguliwa kidato cha tano na ndani ya wiki mbili unatakiwa uwe na 300,000. Huna pesa hiyo, ila una akiba kwenye chama. Tumia simu hii kuona kama chama kinaweza kukusaidia." Usitaje jina la kitufe chochote. Kila kazi ichape kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, na msimamizi aisome kwa sauti hata kama mshiriki anajua kusoma, ili wote wapate mwanzo mmoja.

Na andika kufaulu ni nini kabla ya siku ya kwanza. "Nimemaliza" ya mshiriki haihesabiki. Kwa kazi hii mimi ningeweka masharti mawili: ombi limeonekana kwenye mfumo, na mshiriki akiulizwa atarejesha kiasi gani kwa mwezi anataja tarakimu sahihi. Anayewasilisha bila kujua marejesho amekwama, ila kwake hayajamfika bado.

Kazi sita kwa dakika 45 nazo ni nyingi. Chukua nne. Kuingia kuwe kwanza kwa wote kwa sababu hakukwepeki, tatu zilizobaki zizungushe mpangilio ili isiwe kila siku kazi ya mkopo inafanywa na mtu ambaye menyu ameshaizoea.

#9 Kitochi Daima
Naona mmesahau kitu chenyewe kinachoshikwa mkononi. Simu za ofisi, chaji 100%, intaneti ya ofisini, maandishi ya ukubwa wa kawaida. Mwanachama wa kijijini ana simu janja yenye kioo kilichopasuka kona, maandishi ameyakuza hadi mwisho kwa sababu ya macho, na mwanga ameupunguza ili chaji ifike jioni. Maandishi yakikuzwa, fomu inarefuka na kitufe cha chini kinatoka nje ya skrini. Mtu anajaza kila kitu halafu anakaa anasubiri, hajui kuna kitufe huko chini. Ofisini huoni hilo hata uite watu 100.

Kwenye menyu ya nyota ndiyo zaidi. Ujumbe mmoja unabeba herufi 182 tu, na mtandao unakata kikao kwa muda wake, haungoji. Mdhamini anatakiwa kuingiza namba ya uanachama, namba hiyo imeandikwa kwenye kitabu, kitabu kiko kabatini. Akirudi nacho, kikao kimekatika na anaanza upya. Ofisini waliwapa namba ya mfano kwenye karatasi mezani, sivyo Mpembuzi?

#10 Mpembuzi
Ndivyo. Kila mshiriki alipewa kadi yenye namba ya uanachama, namba ya mdhamini na namba ya siri ya majaribio.

#11 Kitochi Daima
Basi mimi jibu langu ndilo hilo. Raundi ya pili ifanyike kwa simu zao wenyewe, kwa laini zilizosajiliwa kwenye mfumo wa majaribio, na mahali wanapotumia kweli: kwa wakala, gulioni, nyumbani. Kabla ya kuanza andika aina ya simu, toleo la Android, ukubwa wa maandishi, mtandao wa laini na mistari ya mawimbi inayoonekana. Yasipoandikwa, ukirudi mezani huwezi kutenganisha kosa la menyu na kosa la mnara.

#12 Nyayo za Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Naongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: aliyeketi kando ya mshiriki. Kama msimamizi alikuwa mfanyakazi wa chama, mwanachama atamlinda asiaibike. Ataona aibu kusema menyu ni mbaya mbele ya kijana aliyemkaribisha kwa chai. Na msimamizi naye, akiona mzee anahangaika, atanyoosha kidole "hapo mzee, hapo". Nendeni mkasikilize rekodi, nina hakika mtasikia "hapo hapo" nyingi.

Kwa hivyo: msimamizi awe mtu wa nje ya chama, na aanze kwa kusema programu hakuitengeneza yeye. Maneno "tunapima programu, hatukupimi wewe" yasemwe, lakini hayatoshi peke yake. Mshiriki akiuliza "nibonyeze hapa?", jibu ni "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" kisha unyamaze, uhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Weka ngazi tatu za msaada kwenye mwongozo: kumrudishia swali, kumsomea kadi tena, kumwonyesha njia. Ukifika ngazi ya tatu, kazi hiyo inaandikwa "amesaidiwa" na haihesabiwi kufaulu. Katika ripoti ile ya kwanza sidhani kulikuwa na safu ya waliosaidiwa.

Ile njia ya kumwambia mtu aseme kila anachowaza, wazee wengi hunyamaza au huanza kukueleza unachotaka kusikia. Mpe dakika tatu za mazoezi kwa kitu kingine, kwa mfano kutafuta jina kwenye simu yake huku akisema anachotafuta. Ikishindikana, waite wawili wanaojuana, mume na mke au majirani, simu moja. Watabishana wenyewe na wewe utaandika.

#13 Kokotoa
Wawili kwa simu moja nakubali kwa kusaka kasoro. Ila usipime muda wala usihesabu kufaulu hapo, maana unapima akili mbili. Hata anayesema anachowaza akiwa peke yake, muda wake haufai kulinganishwa na wa aliyenyamaza. Mpembuzi anataka vyote viwili, basi atenganishe: watu wa kuongea huku, watu wa kupimwa kule.

#14 Mama Shamba Darasa
Kokotoa, kwa wanachama hawa kubonyeza wawili wawili ndiyo matumizi yenyewe. Mama anashika simu, mtoto wa darasa la saba anamsomea. Ukimtenga mama peke yake chumbani, hicho unachopima hakipo kijijini.

#15 Kokotoa
Hapo siwezi kubisha kirahisi. Ila basi wawili hao ndio wahesabiwe mshiriki mmoja, na iandikwe nani alishika simu na nani aliamua.

#16 Mhasibu wa Chama
Wakuu nimewasoma wote, mnachimba sana skrini. Mkopo wa chama unataka wadhamini, na mdhamini akikubali, akiba yake inafungwa mpaka deni liishe. Dirishani mtu anakuja na mdhamini wake, wameshaongea njiani. Kwenye simu, mdhamini anapata ujumbe wa ghafla: bonyeza 1 kukubali. Nani atabonyeza 1 kwa akiba yake bila kuongea na mtu? Majaribio ya ofisini mdhamini alikuwa wa kubuni na pesa ni za kubuni, kwa hiyo wote walikubali. Mwiteni mbunifu bora mnayemjua awapambie skrini, mdhamini bado atakaa kimya. Hili si suala la urahisi wa kutumia.

#17 Pwani Huru
Mhasibu, ni suala la urahisi wa kutumia vilevile. ISO 9241-11, kile kiwango cha kimataifa cha urahisi wa kutumia, inazungumzia watumiaji mahususi, malengo mahususi, mazingira mahususi. Mdhamini ni mtumiaji wa pili wa bidhaa hii na hakuna aliyemwita kwenye majaribio. Lakini umenigusa: kazi ya mdhamini haikupaswa kufanywa na mkopaji, ilipaswa iwe na mtu wake na simu yake, chumba kingine.

#18 Chapuo
Mpembuzi, kabla ya kualika mtu yeyote, waombe mafundi wa mfumo kumbukumbu za vikao, bila majina. Angalia vikao vya mkopo vinafia hatua gani na baada ya sekunde ngapi. Vikifia kwenye orodha ya kwanza, Pwani Huru ameshinda. Vikikatika baada ya muda uleule kila mara, ni Kitochi Daima. Vikikamilika upande wa mkopaji na mdhamini hajajibu, Mhasibu achukue kombe.

#19 Mpembuzi
Nimezipata, za menyu ya nyota tu, programu ya simu janja haikuwekewa kumbukumbu za hatua. Vingi vinafia hatua ya mdhamini, upande wa mkopaji: pale anapotakiwa kuingiza namba ya uanachama ya mdhamini. Vingine vinakatika kwa muda, vingine mtu anaghairi mwenyewe.

#20 Kitochi Daima
Kitabu kabatini. Nilisema.

#21 Mhasibu wa Chama
Au hajampata mdhamini bado, amefika pale ndipo akajua anatakiwa awe naye. Dirishani anaambiwa mapema.

#22 Pwani Huru
Au ameingiza namba ya simu ya mdhamini badala ya namba ya uanachama, mfumo ukamwambia "si sahihi" bila kumwambia kipi si sahihi. Kumbukumbu zinaonyesha pa kuchimba, hazisemi kuna nini chini. Kazi ya hatua hiyo iwe na dakika nyingi kuliko zote, na mshiriki asipewe kadi yenye namba. Aje na alichonacho.

#23 Sauti ya Chumbuni
Naingilia upande wa kurekodi, hapa wengi hupoteza siku nzima. Kitochi hakirekodi skrini. Unahitaji kamera juu ya mkono: simu nyingine kwenye mkono wa chuma unaopinda, imeelekezwa chini, taa pembeni ili kioo kisimulike. Mshiriki asilazimishwe kuweka simu mezani, atashika kama kawaida yake na wewe utakuwa unasogeza kamera. Sauti irekodi kwa kifaa cha pili, gulioni kamera peke yake haisikii kitu.

Kwenye Android, programu nyingi za fedha zimefungiwa kurekodi, unapata video nyeusi tupu. Waambie mafundi wakupe toleo la majaribio lililoondolewa kizuizi hicho, na uwashe sehemu ya kuonyesha miguso ili uone kidole kilipogusa.

Hatari kubwa ni namba ya siri. Kwenye menyu ya nyota, simu nyingi zinaionyesha wazi unapoiandika. Kamera yako itakuwa imeichukua. Iwe laini ya majaribio yenye namba ya siri ya majaribio, au funika lenzi hatua hiyo. Ukumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na miamala ya fedha ya mtu imo kwenye taarifa nyeti. Fomu ya ridhaa itaje kinachorekodiwa, nani ataona, kitafutwa lini. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi aliyekuja naye.

#24 Nyayo za Nakuru
Asante Sauti. Huku kwetu ni Data Protection Act ya 2019, mambo ni hayo hayo. Pia msisahau jaribio la mwongozo wenyewe, watu wawili, siku mbili kabla, ili ubaki na siku moja ya kurekebisha kadi.

#25 Mpembuzi
Na ile SUS ya 86 niiweke wapi? Bosi anaipenda.

#26 Kokotoa
SUS aliitengeneza John Brooke mwaka 1986 akiwa Digital Equipment Corporation. Maswali 10 yanayojibiwa kwa 1 hadi 5, ya shufwa yameandikwa kinyume. Witiri unatoa 1, shufwa unatoa jibu kwenye 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Wastani unaotajwa sana ni 68, kwa hiyo 86 ni juu mno. Siyo asilimia, na haikuambii tatizo liko wapi. Angalia karatasi zenyewe: mtu aliyejibu 5 mstari mzima, chanya na kinyume, anapata 50 na hajasoma swali. Kama aliyewasomea ndiye mfanyakazi wa chama, rudi kwa Nyayo hapo #12. Raundi ya pili uliza swali moja tu kila baada ya kazi, ilikuwa rahisi au ngumu kwa ngazi 7, na jibu liandikwe na msimamizi wa nje.

#27 Mpembuzi
Nimeandika rasimu, nipigeni. Jumatatu, watu wawili wa kujaribu mwongozo. Jumatano hadi Ijumaa, vikao 4 kwa siku vya saa moja, nusu saa katikati: dakika 10 ridhaa na fidia, 3 mazoezi, 35 kazi nne, 12 mazungumzo. Wenye vitochi 6, simu janja 6, kila mmoja anakuja na mtu anayeweza kumdhamini. Rekebisha wiki inayofuata, kisha rudia na wengine 12. Mahali ni ukumbi wa kata.

#28 Kokotoa
Sita sita ni kusaka kasoro tu. Kwenye ripoti usiandike asilimia hata moja, andika "4 kati ya 6".

#29 Kitochi Daima
Ukumbi wa kata ni ofisi nyingine hiyo. Angalau nusu ya vikao vihame.

#30 Mhasibu wa Chama
Akija na mdhamini wameshakubaliana. Umelifuta tatizo kabla ya kuanza. Mdhamini abaki kwake, atafutwe kwa simu wakati wa kikao.

#31 Mama Shamba Darasa
Na Jumatano ni siku ya mnada kwenye kata nyingi za huko. Uliza kwanza kwa mtendaji. Kama ni mnada, usiikwepe, peleka vikao viwili vya Kitochi Daima palepale kwa wakala, ila viwe kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo hakuna atakayekupa saa nzima.

#32 Sauti ya Chumbuni
Kwa wakala usirekodi video, kuna wateja wengine wanataja namba zao kwa sauti. Mwandishi mmoja na karatasi ya kuweka alama kwa kila hatua inatosha. Mpembuzi ukitaka nikuwekee mfano wa karatasi hiyo sema, ina safu tano: hatua, muda, alichobonyeza, alichosema, ngazi ya msaada.

#33 Mpembuzi
Weka mkuu, tafadhali.